Vinyonga Wanne Ndani ya Chumba Kimoja

Chumba chenyewe ni cha mita nne kwa tatu, ghorofa ya tatu, katika nyumba ya kupanga mjini Dortmund, Ujerumani. Kina mlango mmoja, dirisha moja pana linaloelekea kaskazini, na chini ya dirisha ipo hita ya ukutani inayofanya kazi kuanzia Oktoba hadi Aprili. Humo wanaishi vinyonga wangu wanne. Sultani na Bi Mkubwa ni vinyonga wa Yemen, wale wenye kofia ndefu ya mfupa kichwani. Tausi ni dume wa aina ambayo wafugaji huiita kinyonga chui, asili yake Madagascar. Wa nne ni Kifaru, dume wa pembe tatu, ambaye ukoo wake ni wa nyanda za juu za Kenya na wa Mlima Meru. Majina waliyatoa watoto, mimi sikuulizwa.

Nimekulia chini ya huo Mlima Meru, ambako kinyonga wa pembe tatu ni mkazi wa ua na vichaka vya kahawa, na ambako ukimshika mkononi wenzako wanakukimbia. Wapo waliompiga mawe wakiamini ni mkosi. Ndiyo maana mama yangu hajalizoea jambo hili hata leo. Nikimpigia simu, tukishamaliza habari za afya na mvua, hufika hapo:

“Na hao wadudu wako wamefika wangapi?”

“Wanne, mama.”

“Wanne! Chumba kimoja? Baba, fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse wanne.”

“Mama, kwa hawa hata majike wawili hawakai.”

Hucheka, halafu huniuliza kama mke wangu bado hajarudi kwao.

Nikanushe jambo moja mapema, maana nikitaja Meru hakosekani wa kuniomba nimletee mmoja kutoka nyumbani. Wanne hawa wote wamezaliwa mikononi mwa wafugaji, na kila mmoja ana karatasi ya kuthibitisha hivyo. Vinyonga karibu wote wamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Hilo tuliache hapo.

Mama anaposema hawakai zizi moja, yuko sahihi kabisa, na mfugaji yeyote wa maana atakwambia hivyohivyo: kinyonga mmoja, kizimba kimoja. Ila watu wengi wakishanunua kizimba cha pili huona kazi imekwisha. Haijaisha. Vizimba vinne vya wavu vilivyopangwa chumba kimoja, kwa kinyonga ni kizimba kimoja kikubwa chenye vijiti katikati. Kinachomchosha ni kule kuonana tu, hata kama kuguswa hakuna. Siri nzima ya chumba hiki, kama ina siri, ni kwamba kila mmoja wa hao wanne anaishi akiamini yuko peke yake duniani.

Mtazame macho. Kila jicho huzunguka kivyake, moja likikagua dari wakati jingine linafuata nzi sakafuni, na yote mawili kwa pamoja humpa uwezo wa kuona karibu duara zima bila kugeuza shingo. Mnyama wa namna hiyo huwezi kumwambia “usimwangalie jirani”. Akiwepo, anamwona. Na akimwona, mwili wake unaingia kazini: ama wa kupigana, ama wa kujificha, ama wa kutongoza. Porini jambo hilo huisha kwa dakika chache kwa sababu mmoja anaondoka zake. Chumbani hakuna pa kwenda, kwa hiyo haliishi.

Sultani na Bi Mkubwa niliwachukua kwa jamaa aliyekuwa anahama mji. Kwake walikaa kwenye vizimba viwili vya wavu, ubavu kwa ubavu, na aliniambia kwa fahari kwamba jike “amependeza sana siku hizi”. Kweli alikuwa amependeza, kwa macho ya mtu. Mwili umekolea kijani hadi kukaribia weusi, na juu yake madoa ya buluu na ya manjano kama kitambaa cha sherehe. Kwa jike wa Yemen, nguo hiyo ina maana moja tu: nina mimba, usinisogelee. Alikuwa akimtangazia dume hivyo tangu taa zinapowaka hadi zinapozimwa, na dume, ambaye kila akifumbua macho alikuwa anamwona, hakuacha kumtikisia kichwa na kujitanua ubavu. Jamaa alidhani ana vinyonga wawili wenye afya na rangi kali. Alikuwa na ugomvi wa ndoa usiokwisha, na wote wawili walikuwa wamekonda.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu tumelelewa na imani kwamba kinyonga hubadili rangi ili afanane na mahali alipo. Mara nyingi anazungumza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha mwaka 2015, kwa hao vinyonga chui wa Madagascar, kwamba ndani ya ngozi kuna tabaka la chembe zenye fuwele ndogo mno. Dume akitulia fuwele hukaa karibukaribu, akipandwa na hasira au hamu huachana, na nuru inayorudi hubadilika kutoka kijani kwenda manjano hadi wekundu. Kwa madume wa Yemen, utafiti wa mwaka 2013 uliona kwamba yule ambaye mistari ya ubavuni inang’aa zaidi ndiye mwenye kuthubutu kumsogelea mwenzake, na yule ambaye kichwa kinang’aa zaidi na upesi zaidi ndiye mwenye kushinda. Anayeshindwa hufifia na kuwa mweusi, ndiyo namna yake ya kusema nimekubali, usinipige tena. Basi mgeni akiingia chumbani akasema “lo, huyu anawaka!”, mimi huanza kutafuta ni nini alichokiona mnyama.

Kabla sijaingiza kizimba hata kimoja, nilikopi ujanja wa mafundi wa kamera za ulinzi. Nilisimamisha vizimba vitupu mahali nilipofikiria, nikaifunga simu kwenye tawi la kuotea joto, lile la juu kabisa karibu na taa, nikairekodisha video huku nikiizungusha pole pole duara zima. Nikafanya hivyo kwa kila kizimba, kisha nikakaa mezani na chai kuzitazama. Video hizo ndizo zilizopanga chumba. Kutoka kwenye tawi la Tausi, juu ya ubao wa kutenganisha, palikuwa na upenyo wa vidole viwili, na katika upenyo huo pangekuwa na kofia ya Sultani, nusu tu. Nusu inatosha. Kutoka kwa Kifaru ulionekana mlango wa kabati wenye kioo, na ndani ya kioo, safu nzima ya upande wa pili. Mimi nikiwa nimesimama sakafuni nisingeliona hata moja kati ya hayo, kwa sababu macho yangu hayako pale yalipo yao.

Mpangilio uliobaki ni huu. Vizimba vitatu viko kwenye ukuta mmoja mrefu, vyote vikitazama upande mmoja, na mbele yao ni ukuta mweupe usio na kitu, hauna picha, hauna saa ya ukutani, hauna kioo. Kila kimoja kina upana wa sentimita 60, kina cha 60 na kimo cha 120, na kati ya kimoja na kingine nimesimamisha ubao mwepesi wa plastiki wenye mifereji ndani, ule wanaotengenezea mabango. Unakatiwa dukani kwa kipimo, hauozi kwa maji, na bei yake haiumi. Nilichagua rangi iliyopooza isiyong’aa. Ubao unapita juu ya kizimba kwa kiganja kizima na unatokeza mbele kwa kiganja kingine, kwa sababu vinyonga hupenda kujibanza pembeni kabisa mwa wavu na kuchungulia. Haukugusa wavu; nimeacha nafasi ya kidole ili hewa ipite. Kifaru yuko peke yake upande wa dirisha, nyuma ya lile kabati, na kabati lenyewe nimeligeuza mgongo ili kioo kitazame ukuta. Mke wangu alisema kabati lisilofunguka si kabati. Tukakubaliana lifungukie kwenye kona, na anayetaka shuka huingia kwa ubavu.

Mbao peke yake hazitoshi, maana zinazuia jirani lakini hazizuii sisi. Kila kizimba kina mfikasi wenye majani mengi, pothosi inayoning’inia, na kwa hao wa Yemen nimeongeza hibiskasi na shefflera kwa kuwa wao hutafuna majani pia. Robo ya mbele nimeijaza kijani hasa. Wageni hulalamika hawaoni kitu. Sawa, wasione. Kinyonga mwenye pa kujificha ndiye huyo utakayemkuta amejianika mchana kutwa. Aliyenyimwa kichaka hukaa upande wa nyuma wa tawi, amejibana awe mwembamba kama jani, na kila ukizunguka naye anazunguka.

Jambo la dirisha linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu huko kwetu lisingekuwepo. Taa za vizimba huwaka kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku, mwaka mzima, na zote zinaendeshwa na swichi moja ya saa ili hata mmoja asilale huku taa ya jirani inamulika dari. Arusha jua na taa vingekwenda pamoja. Dortmund mwezi Desemba giza linaingia saa kumi na nusu jioni na taa zangu bado zina saa mbili na nusu. Kwa muda wote huo nje kumekuwa kweusi na ndani kunawaka, na kioo cha dirisha, ambacho mchana kilikuwa dirisha tu, kimegeuka kioo cha kujitazamia cha upana wa mita moja na nusu. Kinyonga hajui kwamba yule ni yeye. Anamwona dume mwenzake, ana pembe tatu, hakwepeshi macho, kila akijitanua naye anajitanua, na haondoki kamwe. Niliyaona haya kwa macho yangu nyumbani kwa mfugaji mmoja, kinyonga akipuliza na kufungua kinywa kila jioni saa ileile, na mwenyewe akiamini ni hasira za kuchelewa kulala. Kwangu pazia zito linashuka saa tisa alasiri, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Februari. Ni kazi ya binti yangu na hajawahi kuisahau, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu kazi zake za shule.

Runinga, kabati la kioo, hata ubavu wa kompyuta mweusi unaong’aa, vyote vina tabia hiyo. Na vizimba vya kioo kitupu, ambavyo maduka hupenda kuviuza kwa sababu vinapendeza, humletea mnyama sura yake mwenyewe pande tatu. Duka moja nililotembelea lilikuwa na vinyonga wachanga sita ndani ya sanduku moja la kioo, wamepandana juu ya kijiti kimoja chini ya taa. Muuzaji aliniambia wanapendana. Kumbe walikuwa wanagombea joto, na wale wa chini walikuwa wamefumba macho mchana. Kinyonga anayefumba macho mchana ni mgonjwa au yuko njiani.

Kimo nacho kina uzito wake. Mnyama wa mitini akitazamwa kutoka juu anajua kimoja tu, kwamba ndege mla nyama amefika. Vizimba vyangu vimesimama juu ya meza, kiasi kwamba tawi la kuotea joto liko juu ya kichwa changu, nami si mfupi. Ninapoingia, wananitazama wao kutoka juu. Tofauti ilionekana kwa Bi Mkubwa, ambaye kwa mwenye mali wa zamani kizimba chake kilikaa sakafuni. Alipopandishwa mezani aliacha kunifokea kila nikileta maji.

Yeye ndiye aliyenifunza zaidi kuliko wote watatu. Majike wa Yemen hutaga hata bila dume, na hutaga kwa wingi, mayai 30, 50, wakati mwingine zaidi, hasa wakilishwa kupita kiasi na kuwekwa kwenye joto kali. Sasa hivi nampunguzia chakula na namwekea taa ya joto isiyozidi nyuzi 27 au 28 chini yake, na mayai yamepungua, na yeye amenenepa vizuri. Lakini kutaga kwenyewe ni kuchimba, na kuchimba kunataka faragha. Ndani ya kizimba chake kuna ndoo ya mchanga uliooshwa, kina chake sentimita 30, umelowa kiasi kwamba ukichomeka mkono shimo halibomoki. Akianza kuzurura sakafuni mwa kizimba bila kutulia, napachika karatasi mbele yote, naacha tundu dogo chini kwa jicho langu, na chumba kinafungwa kwa kila mtu isipokuwa mimi, nami naingia tu kwa maji. Akiona anatazamwa hulitelekeza shimo. Akilitelekeza mara kadhaa, mayai yanaweza kumkwamia tumboni, na jike aliyekwamiwa na mayai hufa kama daktari hakuwahi. Siku hizo ndizo ninazoona thamani ya ule ubao wa mabango. Angekuwa Sultani anamchungulia kutoka pembeni, asingechimba hata inchi.

Kuhusu joto na hewa, wanaofuga mmoja hawana habari na tabu ya wanaofuga wanne. Taa moja ya joto kwenye kizimba kimoja ni mambo ya kizimba hicho. Taa nne, pamoja na zile ndefu za mrija zinazotoa mionzi ya urujuanimno, zile za UVB, ni mambo ya chumba kizima, na joto lote hupanda darini, yaani palepale walipo wao. Sultani na Tausi hawana neno, wanataka nyuzi 30 hivi kwenye tawi la juu. Kifaru ni mtu wa milimani. Kwao usiku ni baridi ya kuvaa sweta, na yeye anataka mchana nyuzi 26 au 27 mahali pa kuotea na usiku ushuke hadi 15 au chini yake. Kinyonga wa pembe tatu asiyepata usiku wa baridi huonekana mzima kwa muda mrefu, huku anazeeka kabla ya wakati. Ndiyo sababu yeye ndiye wa dirishani. Madirisha ya hapa yana namna ya kuinamishwa kwa juu yakaacha upenyo, na taa zikishazimwa ninauacha upenyo huo juu ya kizimba chake, hita ikiwa imefungwa, na kabati linawakinga wale watatu na upepo. Asubuhi kipimajoto cha Kifaru kinasoma 13 na cha Tausi 18. Chumba kimoja, misimu miwili.

Maji ni hivyohivyo. Wote hunywa matone kwenye majani, hawajui bakuli. Nanyunyiza kabla taa hazijawaka na baada ya kuzimwa, na mashine ya ukungu hufanya kazi usiku wakati hewa imepoa. Ukungu ndani ya joto la mchana, kwenye chumba kilichofungwa, ni njia fupi ya kuwaletea ugonjwa wa mapafu, na ukiwa nao wanne hewa moja inawapitia wote. Chini ya kila kizimba pana trei na bomba la kupeleka maji kwenye ndoo. Mwenye nyumba wetu, kama wenye nyumba wote wa Ujerumani, ana hofu moja maishani, nayo ni kuvu ukutani. Mkataba wa upangaji unatutaka tufungue madirisha wazi mara kadhaa kwa siku. Nilidhani itanisumbua, imekuwa ndiyo dawa. Dakika tano dirisha wazi asubuhi, vizimba vikiwa bado havijapata joto, na chumba kinanuka majani badala ya kunuka uoza.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Nyenje wanaobaki kizimbani usiku humtafuna kinyonga akiwa amelala, kwa hiyo chakula kisicholiwa kinatolewa jioni, na siku hizi natumia zaidi mende wa kufuga na viwavi wa hariri ndani ya kikombe. Kila mmoja ana koleo lake la kulishia, na mikono huoshwa kati ya mmoja na mwingine, na tena baada ya wote, kwa sababu reptilia hubeba bakteria wa salmonela na nina watoto nyumbani. Kinyonga mgeni hakai chumba hiki. Hukaa bafuni au kwa rafiki mpaka kinyesi chake kimepimwa minyoo na vijidudu. Taa za UVB hubadilishwa kila mwaka hata kama bado zinawaka, maana macho yetu hayaoni kilichopungua. Na mizani ya jikoni. Nimenunua ya pili ili mke wangu asiniulize. Kila Jumapili wote wanapanda kijiti kilichowekwa juu yake na naandika gramu. Kinyonga anaweza kukuficha msongo kwa rangi na kwa mkao, lakini hawezi kuuficha kwenye mizani. Anaposhuka Jumapili mbili mfululizo huku wenzake wamesimama palepale, narudi kwenye simu na tawi, natafuta kilichobadilika chumbani. Safari moja kilikuwa ni mwavuli mwekundu uliotundikwa mlangoni.

Nisieleweke kwamba kuonana ni sumu kwa kila umri. Watoto wa kinyonga wakianguliwa huwekwa pamoja kwa wiki za mwanzo bila shida kubwa, ilimradi wana matawi ya kutosha na wanatenganishwa kwa ukubwa kabla hawajaanza kung’atana mikia. Mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi kuhusu watoto wa kinyonga wa Yemen ambao ulinipa cha kufikiria: wale waliokuzwa peke yao tangu mwanzo walitokea kuwa wanyonge zaidi mbele ya wenzao, rangi zao zimepooza, na hata kwenye kutafuta chakula walikuwa nyuma. Kwa hiyo kuna kitu wanachojifunza wao kwa wao wakiwa wadogo. Wakubwa wangu wanne, hata hivyo, wamekwishajifunza walichojifunza, na sina sababu ya kuwarudisha darasani.

Wapo wafugaji wazoefu wanaodai kinyonga wa pembe tatu ni mpole na anaweza kuvumilia kumwona mwenzake. Huenda Kifaru angevumilia. Nimemwona hana makuu, hula mkononi, hafoki. Lakini kuvumilia si kitu ninachotaka kumpima nacho. Nikienda likizo nyumbani hutoka usiku na tochi kuwatafuta ndugu zake kwenye ua. Usingizini hupauka, na mwanga ukiwapiga wanaonekana kwa mbali kabisa kwenye ncha za vijiti. Ninachokiangalia ni umbali. Utampata mmoja, kisha utatembea kipande cha ua kabla ya kumpata mwingine, na kati yao pana majani ambayo hata tochi haipenyi. Hapo hakuna aliyewapangia.

Mwezi uliopita mfanyakazi mwenzangu alitaka kunipa wa tano, jike wa kinyonga chui, kwa sababu anaoa na mchumba wake hataki kusikia. Nafasi ya sakafu ninayo. Nilichukua simu, nikaifunga kwenye kijiti, nikaipeleka kwenye ukuta wa pekee uliobaki, ule mweupe ulio mbele ya vizimba vitatu. Hata kabla sijaitazama video nilijua jibu: kutoka hapo angetazamana uso kwa uso na Tausi, na Tausi ni dume wa aina ileile ya huyo jike. Kuwekea pazia mbele kungemnyima Tausi ukuta wake na kumnyima huyo mgeni mwanga na hewa. Kumhamishia sebuleni maana yake ni mlango, runinga na paka wa jirani anayekuja balkoni. Nilimwambia hapana, nikampa vipimo vya kizimba na vya mbao, na tukamtafutia huyo jike mtu wa Bochum, mji wa jirani, ambaye ana chumba kizima kitupu na hana kinyonga mwingine.